Gobori, karabini 22 na bunduki za shabaha: njia ndefu kutoka Liège hadi Masisi na Walikale

KASHEBERE, Kivu ya Kaskazini. – Hapa ambapo teritwari ya Masisi inaishia na ile ya Walikale inaanza, mtoto wa miaka kumi anaweza kutofautisha AKA na PKM kwa mlio tu, akiwa amelala chini ya kitanda. Si elimu ya kujivunia. Lakini mtoto huyohuyo, ukimwuliza watu walilenga na nini kabla ya Kalashnikov kufika, atataja gobori ya babu, na hapo habari yake inakwisha. Kati ya gobori na AKA kuna miaka zaidi ya mia moja ambayo karibu imefutika, na katikati ya miaka hiyo imesimama bunduki moja ndogo, nyembamba, yenye sauti kama fimbo kavu inayovunjika: karabini ya kalibre 22.

Ulaya na Marekani bunduki hiyo ina ukoo mkubwa na wa heshima. Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, ambao hutumia miaka wakitafuta aina moja tu ya karabini ya shabaha iliyotengenezwa kabla ya vita vya 1914, huisafisha kwa mafuta, na Jumapili huenda nayo uwanjani kutoboa karatasi mita 50 mbele yao. Hawawindi chochote. Wanashindana nani ataweka risasi karibu zaidi na katikati. Kwa mkaaji wa Kashebere jambo hilo linaweza kuonekana kama kichekesho. Ni historia hata hivyo, na sehemu yake kubwa ilipita mikononi mwa watu waleile walioitawala nchi hii.

Tuanze na majina, maana Kiswahili chenyewe kimehifadhi mengi. Neno bunduki limetoka Kiarabu: bunduq ni tunda dogo gumu lenye ganda, kisha likawa jina la kidonge cha kurushwa kwa upinde, kisha jina la chombo chenyewe. Risasi, ambayo sisi wa Kivu tunaiita sasi au masasi, nayo imetoka katika jina la Kiarabu la madini yanayoyeyushwa kuitengeneza. Gumegume ni ile inayowashwa kwa jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche. Gobori ni ile inayoshindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za mti, kisha risasi, vyote vikisukumwa chini kwa mdeki. Fataki ni kile kikofia kidogo cha shaba kinachowekwa juu ya chuchu ya bunduki na kupigwa na nyundo. Maneno haya yote yalikuja na misafara kutoka pwani, pamoja na lugha inayoandika makala hii.

Misafara ilifika Maniema katika miaka ya 1860. Nyangwe na Kasongo zikawa miji ya biashara ya pembe na watu. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe wakati watu wa misafara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao; mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni Lualaba. Bunduki zilizofanya kazi hiyo hazikuwa za kisasa. Zilikuwa gumegume na gobori, nyingi zimetoka viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikitengeneza bunduki za bei ndogo kwa ajili ya Afrika tu. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara mkubwa wa Maniema, alieleza mwenyewe kwamba jina lake la utani, Tippu Tip, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine husema lilitokana na kupepesa macho. Lolote kati ya hayo, watu waliomwogopa walichagua kusikia bunduki.

Mwaka huohuo wa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa njiani kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake aliorodhesha silaha za msafara wake, na orodha hiyo inafaa kusomwa polepole. Askari na wapagazi walipewa bunduki 24 za gumegume. Yeye mwenyewe alikuwa na Winchester moja na Henry moja, kila moja inabeba risasi 16. Henry ya wakati huo ilitumia risasi za aina ambayo makala hii inaihusu: zile ambazo moto wake umefichwa katika ukingo wa ganda. Kwa hiyo risasi ya ukingo ilikanyaga nchi za Maziwa Makuu zaidi ya miaka 20 kabla ya dola ya Leopold kuushika Maniema.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, Stanley alikutana na Tippu Tip huko Maniema. Tippu Tip ameacha kisa cha mkutano huo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Stanley alijisifu kwamba ana bunduki inayotoa risasi 15 kutoka mtutu mmoja. Tippu Tip hakuamini. Akamwomba aipige, Stanley akasita, akisema risasi ni ghali. Tippu Tip akamjibu kwa kejeli kwamba naye anajua mahali penye upinde unaorusha mishale 20 kwa mara moja. Hapo mzungu akatoka nje, akafyatua moja baada ya nyingine. Kisa ni kifupi, lakini kinaonyesha jambo ambalo vitabu vingi vya shule havisemi: mtu mwenye nguvu kuliko wote Maniema, mwenye maelfu ya bunduki, alikuwa bado katika zama za mdeki. Wakati ulikuwa umeshampita, na aliambiwa hivyo uwanjani pake mwenyewe.

Risasi ya ukingo ni nini hasa? Katika risasi kubwa za kivita, kile kinachowasha baruti ni kitufe kidogo katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki inakipiga, kinalipuka, baruti inashika. Katika risasi ya ukingo hakuna kitufe. Dawa ya kulipuka imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, kama chumvi iliyonaswa kwenye pindo la nguo. Pini inapiga ukingo popote, ukingo unabonyea, moto unatoka. Ili ubonyee, ganda lazima liwe jembamba; na ganda jembamba haliwezi kustahimili baruti nyingi. Ndiyo maana risasi za aina hii zilizobaki hai ni zile ndogo. Na likishapigwa, ganda halijazwi tena. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza gobori nzima kwa bomba na mbao, anaweza kupika baruti, anaweza kuyeyusha risasi, lakini hawezi kutengeneza risasi ya 22. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeanza, mwaka 1845: alichukua kikofia cha fataki, akakiwekea kidonge, akapata bunduki ya kuchezea ndani ya nyumba, isiyo na baruti kabisa. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa bastola ya kalibre 22 yenye risasi ya ukingo. Mwaka 1887 ikazaliwa ile inayoitwa 22 Long Rifle, ambayo hadi leo inauzwa dunia nzima. Kidonge chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita kama 330 kwa sekunde. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi na nne ya risasi ya AKA. Mtu asidanganyike na hesabu hiyo: kidonge hicho kidogo kinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na kimeua watu wengi waliodhani ni cha kuchezea.

Jiji lililoeneza karabini hizi kuliko mengi ni Liège, Ubelgiji, kwenye mto Meuse. Huko watu walikuwa wakitengeneza bunduki tangu karne nyingi. Mitutu ilifuliwa katika bonde la mto Vesdre, mafundi wa mbao na wa mitambo walifanya kazi nyumbani kwao, na tarehe 10 Mei 1672 mtawala wa jiji, askofu-mfalme Maximilien-Henri wa Bavaria, alitoa amri kwamba kila mtutu ujaribiwe kwa baruti ya kupita kiasi kabla ya kuuzwa. Nyumba ya majaribio ilianza hivyo. Mtutu usiopasuka ulipigwa muhuri. Liège iliuza kwa kila mtu: majeshi ya wafalme, wawindaji wa Ulaya, wafanyabiashara wa pwani za Afrika. Nyumba moja iliweza kuuza bunduki ya thamani kwa mwana wa mfalme na bunduki za gumegume kwa sanduku kwa ajili ya Kongo.

Karabini za Flobert zilitengenezwa Liège kwa wingi usiohesabika, nyingine nzuri, nyingine za kutupwa. Zilikuwa katika vibanda vya maonyesho, ambako mtu alilipa senti chache kulenga bomba la udongo. Lakini hapohapo walikuwapo mafundi wa daraja nyingine. Nyumba ya Auguste Francotte iliboresha mtambo wa Martini, ule ambao Waingereza waliuchukua kwa jeshi lao mwaka 1871. Francotte akaufanya utoke wote kama kipande kimoja, usafishwe na kurudishwa. Bunduki ndogo za Francotte ziliuzwa hata Uingereza, na leo wakusanyaji wanazipigania. Mwaka 1889 huko Herstal, nje kidogo ya Liège, ilianzishwa Fabrique Nationale, inayojulikana kwa herufi FN, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Baadaye FN ikaingia katika karabini za 22 pia: ile ya Browning inayojipakia yenyewe, tangu 1914, na ile ya kuvuta mbele na nyuma ambayo watu waliiita Trombone kwa sababu mkono unakwenda kama wa mpiga tarumbeta, tangu miaka ya 1920.

Kuhusu mchezo wa shabaha wenyewe, uliokomaa zaidi ni wa Waingereza, na chanzo chake ni aibu ya vita. Afrika ya Kusini, kati ya 1899 na 1902, wakulima wa Kiburu waliwapiga risasi askari wa Uingereza kwa ustadi ambao haukutegemewa. Mwaka 1901, vita bado vinaendelea, ikaundwa Uingereza jumuiya ya klabu za shabaha kwa wafanyakazi wa kawaida, na jenerali Lord Roberts akaipigania kwa nguvu zake zote. Mfanyakazi wa kiwanda hakuwa na pesa za risasi kubwa wala uwanja wa mita elfu. Lakini 22 ilikuwa rahisi, sauti yake ndogo, na uwanja wa mita 25 au 50 ungeweza kuwekwa nyuma ya kiwanda. Kampuni ya BSA ya Birmingham ikaanza kutoa karabini za Martini za 22: mtutu mzito, risasi moja kwa mara moja, na kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo la kuchungulia. Mwaka 1908, Olimpiki ya London ilikuwa na mashindano ya karabini ndogo. Marekani ikajibu mwaka 1919 kwa Winchester 52, iliyoendelea kutengenezwa hadi 1980, na Wajerumani wakawa na Anschütz, ambayo baada ya vita ilihamia Ulm na kuanza upya.

Karabini ya shabaha haifanani na ya kuwinda. Ni nzito, mara nyingi kilo nne au tano au zaidi, ili isitikisike. Haina haraka. Mlengaji hulala kifudifudi, hufunga mkanda mkononi, hupumua, husubiri kati ya mapigo mawili ya moyo. Katika shabaha ya mita 50 inayotumika leo, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, kama ukucha wa kidole kidogo. Mkusanyaji anayepata karabini ya mwaka 1910 haridhiki kuitundika ukutani. Anataka kujua kama bado inaweza kuligonga duara hilo, na mara nyingi inaweza, kwa sababu risasi ya 22 ina shinikizo dogo na haili mtutu haraka. Kilichoiharibu mitutu ya zamani zaidi ni dawa ya fataki yenyewe, iliyokuwa ikiacha chumvi inayoleta kutu, mpaka viwanda vilipobadilisha dawa katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mtutu wa 22 wa kabla ya hapo ulio safi ndani ni ushuhuda wa mtu aliyeusafisha kila jioni ya maisha yake. Wakusanyaji hulipa sana kwa ajili ya jioni hizo.

Mchezo huu ulifika Afrika ya Mashariki pamoja na walowezi na jeshi la Kiingereza. Mwaka 1956 Kenya, ikiwa bado koloni, ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne, na miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo walenga shabaha. Ni miaka ileile ambapo Mwafrika wa Kenya aliyekamatwa na bunduki au hata risasi bila ruhusa, chini ya sheria za dharura za wakati wa Mau Mau, aliweza kunyongwa. Hapo pana historia nzima ya bunduki katika makoloni: chombo kilekile kwa mmoja ni mchezo, kwa mwingine ni kamba shingoni.

Kongo ilikuwa na sheria yake, na ilianzia Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, Mwafrika hakutakiwa kuuziwa bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu wala risasi kamili. Aliruhusiwa gumegume laini na baruti ya kawaida ya biashara. Ilisemwa ni kwa ajili ya kuzuia misafara ya watumwa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini matokeo yalikuwa haya: sheria iliamua nani katika bara hili atakaa katika zama za mdeki. Na viwanda vya Liège havikupoteza kitu, maana gumegume nazo zilikuwa zao.

Miaka miwili tu baadaye, kati ya 1892 na 1894, jeshi la Leopold chini ya Francis Dhanis lilipigana na Waarabu na Waungwana wa Maniema. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili 1893. Askari wa Force Publique, wengi wao Wakongo, walishika Albini, bunduki ya risasi moja yenye kalibre ya milimita 11, ambayo tayari ilikuwa imezeeka Ulaya. Hata hivyo ilitosha. Kwa watu wa misitu ya Walikale na milima ya Masisi, waliokuwa wakiwinda kwa nyavu, mikuki na mbwa wenye kengele za mbao shingoni, kilichobadilika ni rangi ya mtu aliyeshika bunduki. Mlio ulibaki.

Walowezi walipoanza kupewa mashamba Kivu, hasa baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928, karabini ya 22 ilipata kazi yake. Haikuwa bunduki ya tembo. Ilikuwa ya nyumbani: ya kufukuza nyani katika shamba, ya kanga, ya ndege, ya mtoto wa mzungu kujifunzia kulenga chupa. Katika nyumba za namna hiyo mpishi au mlinzi aliijua bunduki kuliko mwenye nyumba, maana ndiye aliyeisafisha. Kwa Mkongo kuimiliki ilihitaji makaratasi ambayo wachache sana waliyapata. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi iliongeza ruhusa juu ya ruhusa. Mnyanga aliyewinda kwa nyavu na mbwa msituni kwake sasa alipaswa kusoma sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa.

Uasi mkubwa wa eneo hili wakati wa ukoloni unaonyesha bunduki zilivyogawanywa. Mwaka 1944 wafuasi wa Kitawala walioongozwa na Bushiri waliinuka katika nchi ya Wakumu, kati ya Masisi na Lubutu. Walichoka na barabara, mpira wa vita, na kiboko. Force Publique iliwazima kwa risasi, na mamia walikufa. Waliokuwa upande wa pili hawakuwa na karabini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1964, Simba walitegemea maji ya dawa ili masasi yasiwaingie, kama wapiganaji wa Maji Maji kule Tanganyika mwaka 1905, na kama makundi ya Mai-Mai ya kwetu yaliyochukua jina lao kwenye maji hayohayo. Watu wa nje hucheka. Lakini jamii iliyozuiwa kwa mkataba, kwa amri na kwa kiboko isiguse mtutu wenye mifereji ilikuwa na njia ngapi nyingine za kusimama mbele yake?

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, na zaidi baada ya Mobutu kutangaza kutaifisha mashamba na biashara za wageni tarehe 30 Novemba 1973, walowezi waliondoka. Vitu vyao vilibaki: mashine za kahawa, vitanda vya chuma, vyombo vya sahani, na hapa na pale karabini. Kufikia hapo lile jambo la risasi isiyojazwa tena likaonyesha maana yake. Gobori iliendelea kuishi kwa sababu kila kitu chake kinapatikana kijijini. Bunduki ya kalibre 12 iliendelea kuishi kwa sababu kiwanda cha Pointe-Noire, ng'ambo ya Brazzaville, kilitoa kartushi zilizoenea misitu yote ya Kongo. Karabini ya 22 ilikufa njaa. Sanduku la mwisho la risasi likiisha, bunduki inakuwa fimbo ya chuma. Nyingi zilikatwa, mitutu ikawa bomba la gobori au kipande cha mtego, mbao zikawa kuni.

Serikali ya Zaire iliandika sheria zake: sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 kuhusu uwindaji, na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi. Hizo ndizo zilizotaja ruhusa, buku na vibali. Kisha vikaja vita. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi nzima. Maelfu walikufa, wengi kwa mapanga, mikuki na gobori. Mwaka uliofuata, jeshi lililoshindwa la Rwanda lilivuka mpaka na silaha zake, na tangu hapo mlio wa Masisi ukabadilika. Hakuna aliyetaka tena bunduki ya risasi moja.

Lakini zile za zamani hazikuisha zote. Zipo katika paa, katika gunia la mihogo, katika kaburi la uongo nyuma ya nyumba. Na hapa ndipo historia inageuka kuwa shida ya leo. Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, kesi za silaha zimekuwa mikononi mwa wanajeshi, na mwezi Julai mwaka huo ukaundwa mpango wa kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia, PDDRCS. Askari anayepekua nyumba hana muda wa kutofautisha karabini ya 1910 isiyo na risasi na AKA iliyojaa. Wala wapiganaji wa upande wowote hawana muda huo. Mwaka 2025 mapigano yalifika hadi Walikale-centre, na katika barabara hizo chuma chenye umbo la bunduki kilitosha kumfanya mwenye nacho aonekane adui. Familia iliyohifadhi karabini kwa ajili ya kumkumbuka babu aliyekuwa mlinzi wa shamba inajikuta na kitu kisichofaa kuwindia, kisichoweza kuuzwa, na kinachoweza kumpeleka kijana gerezani.

Huko Liège kitu hichohicho kina nyumba yake. Jumba la silaha la jiji lilianzishwa mwaka 1885 na sasa liko ndani ya Grand Curtius. Mihuri ya bunduki inasomwa kama barua. Herufi ELG ndani ya duara lililobonyea ni muhuri wa majaribio wa Liège. Ikiwa na taji juu, bunduki ilipigwa muhuri kuanzia 1893. Mnara mdogo unaoitwa perron nao ni mojawapo ya mihuri hiyo. Herufi R yenye taji inamaanisha mtutu una mifereji. Kuanzia 1922 kuna herufi ndogo inayotaja mwaka wenyewe. Mtu anayejua kusoma alama hizo anaweza kueleza karabini ilizaliwa lini, na kwa hiyo kukisia ilikuja na nani: mlowezi wa Comité National, askari aliyerudi kutoka Tabora baada ya 1916, mmisionari, mfanyabiashara.

Bunduki zinazokusanywa Kivu zinapochomwa au kukatwa na mashine, kama inavyopaswa kufanywa kwa silaha katika nchi yenye vita, alama hizo nazo zinakwenda. Hakuna anayeomba AKA zihurumiwe. Lakini kupiga picha muhuri wa karabini kabla ya kuikata kunachukua dakika moja na simu ya kawaida. Kinshasa, Jumba la Taifa la Makumbusho lililofunguliwa Novemba 2019 lina nafasi ya kumbukumbu za namna hiyo, na mtutu uliozibwa kwa chuma kilichoyeyushwa hauwezi kumwua mtu tena. Kwa mkaaji wa Kashebere aliye na kitu cha namna hii darini, njia ya usalama haijabadilika: asikibebe mwenyewe barabarani, akitaje kwanza kwa mwami au kwa shefu wa lokalite mbele ya mashahidi, na akikabidhi aombe karatasi yenye tarehe na sahihi. Kama kuna mtoto nyumbani anayeweza kusoma, na apewe kazi ya kuandika herufi zilizochongwa juu ya mtutu, kwa mpangilio zilivyo, pamoja na jina la babu aliyekuwa nayo na shamba alilofanyia kazi.